Upime kwa kipimo kipi? Ulinganisho kwa wanaotafiti kano ya Achilles Mwanza na mwambao wa ziwa

"Baba, ukiamka asubuhi, kisigino kinakaza kwa dakika ngapi?"

"Asubuhi ipi, dada? Mimi asubuhi ndiyo naingia kulala."

Tulikuwa tumekaa ubavuni mwa mtumbwi uliovutwa nchi kavu, mwaloni Kirumba, pale wavuvi wanaposhusha samaki, saa 2 asubuhi. Yeye ni mvuvi wa dagaa. Usiku kucha alikuwa ziwani na taa zake, na suruali ilikuwa bado mbichi hadi magotini. Swali nililomuuliza ndilo la kwanza kwenye VISA-A, dodoso linalotumika kuliko mengine yote katika utafiti wa maumivu ya kano ya Achilles. Jibu lake liliniacha na kalamu hewani, maana dodoso halina nafasi ya mtu anayelala jua likiwa utosini.

Naandika kwa ajili ya mwanafunzi anayeandaa pendekezo la utafiti, mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya anayetaka kujua kama tiba yake inasaidia kweli, na daktari wa mifupa anayefuatilia watu waliokatika kano. Wote hukwama mahali pamoja. Vipimo ni vingi, kila kimoja kina watetezi wake, na karibu vyote vilitungwa mbali na hapa.

Kano ya Achilles ni ile kamba nene inayounga misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Shida zake kubwa ni mbili. Inaweza kuugua polepole, ikawa inauma, inavimba na kukaza, hasa ikibebeshwa mzigo. Na inaweza kukatika ghafla. Wengi waliokatika husimulia kwamba walihisi kama wamepigwa teke kwa nyuma, wakageuka, hakuna mtu. Hizi ni shida mbili mbalimbali, na kipimo kilichotungwa kwa moja hakimfai mwenye nyingine. Nimeona pendekezo zuri la utafiti likirudishwa kwa kosa hilo moja tu.

Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza: kipimo kinapima nini hasa? Mwaka 2018 wataalamu wa kano walikutana Groningen, Uholanzi, na kutokana na kazi ile, iliyowahusisha wagonjwa pia, yakatoka makubaliano yanayoitwa ICON 2019. Yanataja mambo 9 ambayo utafiti wa tiba ya ugonjwa wa kano unatakiwa kuyagusa: mgonjwa mwenyewe anasema anaendeleaje kwa ujumla; anashiriki vipi shughuli za maisha; maumivu kano ikibeba mzigo; utendaji; hali ya kisaikolojia; uwezo wa mwili unaopimika; kiasi cha kutojiweza; ubora wa maisha; na maumivu katika kipindi fulani, mfano wiki iliyopita. Hakuna dodoso moja linaloyamaliza yote 9. Ukilikubali hilo mapema, utaacha kusaka kipimo kimoja cha kumaliza kazi na utaanza kutafuta viwili au vitatu vinavyosaidiana.

Cha pili: kinatumikaje hapa kwetu, kwa maana ya lugha, ruhusa ya mwenye dodoso, muda na vifaa. Cha tatu: kinabana wapi, na alama zikibadilika kwa kiasi gani ndipo mgonjwa anahisi tofauti. Cha nne: kinamfaa nani. Kila kipimo nitakipitisha kwenye njia hiyo, ingawa si vyote vyenye mengi ya kusema.

VISA-A

*Kinapima nini.* Kilichapishwa 2001 na watafiti wa Australia, na herufi ya kwanza ya jina lake ni ya jimbo la Victoria, lililopewa jina la malkia yule yule aliyebandikwa kwenye ziwa letu. Kina maswali 8 kuhusu maumivu, utendaji na michezo. Maswali 7 ya mwanzo yana alama 10 kila moja, la 8 lina alama 30, jumla 100. Asiye na tatizo anapata 100. Katika kazi ile ya mwanzo, wagonjwa wasiohitaji upasuaji walikuwa na wastani wa 64, waliokuwa wakisubiri upasuaji 44, na makundi mawili ya watu wazima wa afya 96 na 98. Kwa hiyo kinamtenga mgonjwa na mzima vizuri, tena kinaonyesha nani kazidiwa zaidi.

*Kutumia hapa kwetu.* Ni karatasi moja na dakika chache. Tafsiri zilizopimwa zipo katika lugha nyingi, zikiwamo Kiswidi, Kijerumani, Kiitaliano na Kiholanzi. Kwa Kiswahili, usitumie karatasi uliyopewa na mwenzako kabla hujauliza nani aliitafsiri, kwa hatua zipi, na ilijaribiwa kwa akina nani.

*Kinapobana.* Hapa pananichukua muda, kwa sababu ndipo watu wengi huumia bila kujua. Swali la 3 linauliza kuhusu maumivu ndani ya saa mbili baada ya kutembea dakika 30 kwenye ardhi tambarare. Mpelekee swali hilo mama anayeishi Mabatini, juu kule kwenye mawe. Nilikaa na mmoja kizingitini kwake. Ili kufika bombani anashuka kwa ngazi alizochonga mumewe kati ya majabali mawili, ndoo kichwani, na kwa sababu kano ya kulia inamuuma anashuka kwa ubavu kama kaa, mguu wa kushoto ukitangulia kila hatua. Dakika 30 za tambarare kwake ni safari ya hadi mjini na kurudi, tena anaipanda daladala. Alinitazama akanijibu "haiumi", kwa adabu, kwa sababu huko tambarare hana shida. Akapata alama 10 kamili. Kushuka kwa ubavu hakukuandikwa popote, maana swali la 4, la kushuka ngazi, linataka mwendo wa kawaida wa hatua kwa hatua, na yeye aliuacha mwendo huo miezi mingi.

Kisha kuna maswali ya 7 na 8, ambayo kwa pamoja yana alama 40 kati ya 100. Majibu yake yanazungumzia mazoezi, mashindano na michezo inayobebesha kano mzigo. Kwa mkimbiaji wa uwanja wa Nyamagana hilo linaingia sawasawa. Kwa mbeba mizigo wa mwaloni, anayepanda ubao na gunia la dagaa mara hamsini kwa siku, mtafiti mmoja ataandika "hafanyi michezo", mwingine ataihesabu kazi yake kama mazoezi, na alama za mtu mmoja zitapishana kwa kiasi kikubwa kuliko hata faida ya tiba unayoipima. Kama utatumia VISA-A, andika uamuzi huo kwenye mwongozo wako kabla ya mgonjwa wa kwanza, na kila msaidizi aufuate.

Ukosoaji huu hauko Mwanza tu. Watafiti wa vipimo wamelalamika kwamba VISA-A inajumlisha mambo mengi mno katika alama moja na inawasahau wasiofanya michezo. Ndiyo maana miaka ya karibuni limetoka toleo la watu wasiofanya michezo, na pia dodoso jipya la TENDINS-A lililojengwa kwa kufuata mambo ya ICON. Kuhusu badiliko lenye maana kwa mgonjwa, makadirio yaliyochapishwa yanatofautiana: kuna waliopata pointi 6.5 kwa kano inayouma pale inapojishika kwenye kisigino, na kuna waliopata 14 baada ya wiki 12. Tofauti hiyo si ndogo unapokokotoa idadi ya washiriki. Chagua kadirio linalofanana na wagonjwa wako, useme kwa nini.

*Kinamfaa nani.* Wanamichezo, wakimbiaji, askari walio kwenye mafunzo. Na yeyote anayetaka matokeo yake yawekwe meza moja na tafiti za nje, kwa sababu tafiti nyingi za tiba zimepima kwa dodoso hili.

ATRS

*Kinapima nini.* Hiki ni cha waliokatika kano. Kilitoka Sweden 2007. Maswali 10, kila moja 0 hadi 10, na 100 maana yake hakuna kikwazo. Kinauliza kuhusu nguvu, uchovu, kukaza, maumivu, shughuli za kila siku, kutembea kwenye ardhi isiyo sawa, kupanda ngazi au mlima kwa haraka, kukimbia, kuruka, na kazi nzito ya mikono na mwili.

Soma tena orodha hiyo ukiwa umesimama kilimani Bugando unatazama chini. Ardhi isiyo sawa, mlima, kazi nzito: ni kama aliyetunga alipita mtaa wetu wa Igogo. Watu wangu hulijibu bila kuuliza maswali mengi.

*Kutumia hapa kwetu.* Maswali ni mafupi na mizani ni moja mwanzo hadi mwisho, jambo linalosaidia sana ukilisoma kwa sauti kwa mtu asiyejua kusoma. Limetumika kwenye majaribio makubwa: lile la Uingereza lililochapishwa 2020, lenye wagonjwa 540, lililinganisha plasta na kiatu maalumu cha kutembelea, likapima kwa ATRS miezi 9 baada ya jeraha, na makundi mawili hayakutofautiana kwa maana.

*Kinapobana.* Siku kano imekatika huwezi kulijaza kwa maana. Mtu ametundikwa mguu, unamuuliza kuhusu kukimbia? Watafiti wengi humwomba ajibu jinsi alivyokuwa kabla ya jeraha, kisha humfuata kwa miezi. Hapo ndipo kwetu panapouma: mvuvi anahama mwalo kufuata samaki, namba ya simu inabadilika, na miezi 9 ni mingi. Chukua namba ya mke au ya mwenye mtumbwi pia. Halafu wapo wanaofika wamechelewa, wameshatembea wiki kadhaa na kano iliyokatika kwa sababu walichuliwa kama walioteguka. Wachambue peke yao, wasichanganywe na waliofika siku ya kwanza.

*Kinamfaa nani.* Utafiti wowote wa kano iliyokatika, iwe kwa upasuaji au bila. Hakimfai mwenye kano inayouma tu.

PSFS

*Kinapima nini.* Hiki hakina maswali ya kano kabisa. Kilitungwa Kanada 1995 kwa matatizo mbalimbali ya mwili. Mgonjwa mwenyewe anataja shughuli tatu hadi tano ambazo shida yake inamzuia au kumtesa, halafu kila moja anaipa namba: 0 siwezi kabisa, 10 naweza kama zamani. Unachukua wastani.

*Kutumia hapa kwetu.* Nikipewa dakika 5 tu na mgonjwa, nachukua hiki. Nimeandikiwa mambo ambayo hayamo kwenye dodoso lolote la kano: kusukuma mtumbwi majini alfajiri, kukanyaga breki ya nyuma ya pikipiki, kuiwasha kwa kiki, kupanda Bugando kwa miguu na mtoto mgongoni, kucheza ngoma ya bugobogobo kwenye harusi. Yule mvuvi wa dagaa, baada ya VISA-A kumshinda, alisema bila kusita: "Kuruka kutoka mtumbwini kwenda kwenye maji, nikishika kamba." Akaipa 2. Hiyo ndiyo kazi iliyoishinda kano yake, na ndiyo tuliyompangia mazoezi.

Maelekezo yake ni sentensi chache, kwa hiyo mzigo wa tafsiri ni mwepesi. Wazee wa vijijini Ukerewe au Magu wanaweza kuelezwa kwa Kikerewe au Kisukuma na msaidizi aliyefundishwa.

*Kinapobana.* Huwezi kulinganisha 4 ya mtu mmoja na 4 ya mwingine, kwa sababu mmoja amepima harusi na mwenzake amepima breki. Kinachofaa ni kulinganisha mtu na yeye mwenyewe. Lazima umrudie na shughuli zile zile alizotaja siku ya kwanza, umsomee; ukimwacha ataje upya umeharibu. Utafiti wa mwanzo ulionyesha kwamba wastani ukibadilika chini ya pointi 2, au shughuli moja chini ya 3, huenda ni kuyumba kwa kipimo tu.

*Kinamfaa nani.* Kliniki yenye shughuli nyingi, utafiti mdogo wa wagonjwa wachache wanaofuatiliwa mmoja mmoja, na kama kipimo cha pili kwenye utafiti mkubwa unaotaka kusikia maisha ya hapa.

Kuinua kisigino kwa mguu mmoja

*Kinapima nini.* Uwezo wa misuli na kano, si maoni. Mgonjwa anasimama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, ncha za vidole vya mikono ukutani kwa ajili ya mizani tu, anainua kisigino na kushusha kwa mapigo 30 kwa dakika hadi ashindwe. Unahesabu, na ukiweza unapima alifika juu kiasi gani. Mguu mbovu unagawanywa kwa mzima, mara 100.

Tazama kwa karibu. Sisi tunafunga uzi kati ya miguu ya viti viwili, kwenye urefu ambao kisigino kilifika mara ya kwanza, na simu inapiga mapigo mezani. Mguu mzima unagusa uzi kila mara, ishirini na kitu. Kisha anageuka. Tatu, nne, tano, unagusa. La saba kisigino kinatetemeka na goti linaanza kukunja kidogo, bila mwenyewe kujua. La tisa uzi hauguswi. Ukiwa unahesabu kwa mdomo tu bila uzi, utaandika 16, kwa sababu ataendelea kuinua nusu nusu hadi achoke. Nusu hizo ndizo zinazoficha tatizo, hasa kwa aliyekatika kano: mara nyingi hupona ikiwa imerefuka, na urefu wa kuinua ndio unaochelewa kurudi kuliko hesabu.

*Kutumia hapa kwetu.* Uzi, viti, simu. Maabara kubwa hutumia kifaa kinachokokotoa kazi yote iliyofanyika. Jaribio la Uingereza la 2019 la kuchoma sindano ya plazima yenye chembe sahani, inayotokana na damu ya mgonjwa mwenyewe, kwenye kano zilizokatika, lenye wagonjwa 230, lilitumia kazi hiyo kama matokeo yake makuu, wiki ya 24, na sindano haikuonyesha faida. Usipokuwa na kifaa, pima urefu na hesabu, inatosha kwa tasnifu.

*Kinapobana.* Kano zikiuma pande zote mbili, mguu wa kulinganishia haupo. Mzee au mwenye uzito mkubwa huenda asiinue hata mara moja, ukabaki na sifuri nyingi zisizosema kitu. Na unataka chumba chenye sakafu sawa, kiatu kile kile au miguu mitupu kwa wote.

*Kinamfaa nani.* Yeyote anayepima tiba ya mazoezi au upasuaji, lakini kiambatane na dodoso. Mtu anaweza kuinua mara 25 na bado anaogopa kuruka mtaro.

EQ-5D

*Kinapima nini.* Afya kwa ujumla: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Toleo la ngazi 5 lina maswali 5 na mstari wa 0 hadi 100 wa kuonyesha afya yako leo.

*Kutumia hapa kwetu.* Faida yake kubwa ni kwamba yapo matoleo rasmi ya Kiswahili. Unajisajili kwa wenyewe, EuroQol, unaeleza utafiti wako, unapewa karatasi. Hutafsiri neno.

*Kinapobana.* Kano inaweza kumnyima mtu kazi na bado EQ-5D ikasogea kidogo tu. Usilifanye tokeo kuu la utafiti mdogo.

*Kinamfaa nani.* Anayetaka kulinganisha gharama na faida, au kuzungumza na mamlaka za bima na wapangaji wa huduma, ambao wanataka ugonjwa wa kano usimame kwenye mizani moja na magonjwa mengine.

Viwili vya haraka. Maumivu kwa namba 0 hadi 10 yaulize kila mara, lakini taja shughuli ("ukishuka ngazi") na taja kipindi. Ultrasaundi inaonyesha unene na mpangilio wa kano na ni msaada mkubwa wa utambuzi. Kama kipimo cha nafuu ni dhaifu, maana picha na maumivu havitembei pamoja. Wapo wenye kano nene kwenye picha ambao hawaumwi kitu.

Mambo mawili yanayoharibu kipimo chochote

La kwanza ni tafsiri. Nilipoanza kazi nilitafsiri dodoso jioni moja, peke yangu, nikaandika "mshipa wa nyuma ya kisigino", kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Lakini mshipa kwa watu wetu ni damu, ni neva, na kwa wanaume wengi ni ngiri. Na "kukaza" nililiandika "ganzi" kwenye swali moja. Wagonjwa walijibu walichoulizwa, na walichoulizwa hakikuwa kano. Madodoso yale yote yaliishia kabatini, na watu walikuwa wamenipa muda wao. Hilo bado linaniuma.

Njia inayokubalika ni ndefu na inafaa: watu wawili wanatafsiri kila mmoja peke yake, wanapatanisha, wengine wawili wasioliona dodoso la asili wanarudisha kwenye lugha ya mwanzo, jopo linakaa, kisha unajaribu kwa wagonjwa 30 hadi 40 ukiwauliza walielewa nini. Omba ruhusa ya mwenye dodoso, na kibali cha maadili kiseme wazi kwamba kuna kazi ya tafsiri. Jaribio hilo lifanyie mwaloni na sokoni, si kwa wanafunzi wenzako tu. Na angalia mwelekeo wa namba: kwa aliyesoma shule 100 ni ushindi, hivyo VISA-A inamwingia akilini, lakini ukimrukia hapo hapo na maumivu ambayo 10 ni mabaya, atajibu kinyume. Weka karatasi nyingine, anza upya kueleza.

La pili ni tarehe. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi giza likiwapo na hupumzika mbalamwezi inapong'aa. Mwezi angani huzunguka siku 29 na nusu. Ukimpima mtu katikati ya giza, kano imechoka, kisha ukamwita baada ya wiki 6, siku 42, unamkuta karibu na mwezi mpevu, amelala usiku siku kadhaa. Atasema amepona, na utaisifu tiba yako kwa kazi iliyofanywa na mwezi. Wiki 12 zinamrudisha siku nne au tano kabla ya giza jingine, akiwa kazini, kwa hiyo ni salama zaidi, na ndizo wiki zinazotumika sana kwenye mazoezi ya kano tangu kazi ya 1998 ya Alfredson, mtafiti wa Sweden. Vyovyote utakavyopanga, andika kwenye fomu: jana usiku alivua au hakuvua? Na lile swali la asubuhi, kwa wavuvi, lisome "ukiamka kutoka usingizi wako mrefu", ukipata ridhaa ya wenye dodoso na ukiliandika kwenye mbinu zako.

Kwa hali yako

Unaandika tasnifu, una miezi sita, wagonjwa wana kano inayouma na ni watu wa kazi za kila siku: PSFS, maumivu ya 0 hadi 10 ukitaja mzigo, na kuinua kisigino kwa uzi. Huna muda wa kutafsiri VISA-A vizuri, basi usiitafsiri vibaya.

Una wakimbiaji na wachezaji, na unataka kuchapisha mahali panaposomwa na wenzako wa nje: VISA-A, au TENDINS-A kama timu yako ina nguvu ya kufanya tafsiri kamili. Ongeza swali moja la mgonjwa kusema anaendeleaje kwa ujumla.

Unafuatilia waliokatika kano: ATRS, pamoja na urefu wa kuinua kisigino mtu anaporuhusiwa kuupima. Tenga bajeti ya simu na nauli ya kivuko kuwafuata visiwani kabla ya bajeti ya kitu kingine.

Unapewa fedha na mtu anayeuliza faida kwa shilingi: hapo EQ-5D inaingia, ikiwa pembeni ya kipimo cha kano, na uanze usajili wake mapema.

Uko zahanati, huna utafiti wowote, unataka tu kujua kama mama wa Mabatini amepata nafuu: andika kwenye kadi yake shughuli tatu kwa maneno yake mwenyewe na namba pembeni. Akirudi, msomee. Halafu toka naye nje, mtazame akishuka ngazi.